Nilivyowafukuza Mama wa Chanjo

Kedowa

Kwako Baba Chelangat,

Nakusalimu kutoka huku kwa baridi. Mguu wako umepona? Na ile ng'ombe yetu, bado inapiga ndoo teke? Mimi mwili uko sawa, ni uso tu sina pa kuuweka.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba wakubwa wa afya wanapanga dispensari kwa namba, kama watoto wa mtihani, na kwamba Chelangat wetu, sista mkubwa wa hapa, atakuwa namba moja? Wewe ukatangaza kanisani hapo Siongiroi. Sasa keti chini. Tumekuwa wa mwisho. Karatasi imebandikwa kwa ofisi ya chifu, kila mtu anasoma.

Na kosa si la mtoto. Ni langu.

Siku ya wakaguzi, si unajua vile mimi ni msafi, nilipiga sakafu ya dispensari rangi nyekundu mpaka ikang'aa. Nikaandaa mursik ya wageni, yale maziwa yangu ya mgando ya kibuyuni, kisha nikasimama mlangoni. Mama wa kuchuma chai wakafika na watoto mgongoni, gamboti zimejaa matope.

"Rudini," nikawaambia. "Leo kuna wageni wa maana. Kujeni wiki ijayo."

Wakarudi wote. Chelangat alikuwa ndani na sindano zake, anangoja.

Wakubwa wakasifu sakafu, mursik wakamaliza. Halafu mmoja akauliza, "Sista, watoto wa chanjo wako wapi?"

Kumbe maksi ni ya watoto! Chelangat akaniangalia, akajua. Lakini hakunitaja. Akasema, "Ni makosa yangu." Baba Chelangat, hapo ndipo nilikufa.

Juzi, baada ya kusoma ile karatasi, nilienda laini, kwa nyumba zao, kuwaita mlango kwa mlango. Mmoja akaniita kama nyanya yake, akainua mguu. "Kogo, gamboti bado iko na matope. Nije nayo?" Wenzake wakacheka.

"Kuja nayo, mama," nikasema.

Wakaja. Mpaka saa kumi sakafu yangu haikuonekana tena, na kila mtoto alikuwa amedungwa.

Jumapili simama kanisani useme tumekuwa wa mwisho, na useme ni mimi. Lakini pia useme sindano ya Chelangat haiumi kama za wengine. Hiyo ni kweli kabisa.

Nisalimie mama yako na yule dada yangu mdogo anayekupikia. Mwambie asicheke sana.

Ni mimi wako, mwenye aibu,
Mama Chelangat