Moshi wa Injini Mpya

Marahaba, mjukuu wangu Neema.

Hapa Merrylands, Sydney, tunapumua tu. Bibi yako goti linamsumbua, shangazi yako yuko shifti kila siku.

Unauliza kwa nini kigari chako cha rimoti, kile cha injini ya mafuta, kimekufa siku ya kwanza, na wewe ulipunguza mafuta tu ili moshi uishe. Nami niliua hivyo hivyo pikipiki mpya ya baba yangu, kule Kigoma. Niliona moshi mwingi, nikadhani mafuta yanapotea bure, nikakaza skrubu ya kabureta ili yaingie kidogo. Ikakimbia ajabu! Kumbe oili ya kulainisha pistoni ilikuwa humo humo kwenye mafuta niliyoyabana. Injini ikakwama njiani. Baba aliisukuma hadi nyumbani, hakunigombeza.

Injini mpya huachwa itoe moshi, iende polepole mpaka izoee.

Tulipofika Sydney, baba yako aliniomba mwaka mmoja tu wa shule. Wiki ile ile nikampeleka kiwandani Fairfield. Alichapa kazi kuliko wote, nikajisifu kanisani. Leo hapokei simu zangu.

Pistoni nyingine nimekununulia, itakufikia huko Perth kwa posta. Baba yako sijui nitamrudisha vipi. Ukiona simu yake inaita na ni mimi, usimlazimishe kupokea.

Babu yako