Uzi Unakatika Kwenye Nguo za Dada

(Ukurasa huu ni wa daftari langu la miaka ya tisini, nilipokuwa nakaa Butimba kwa dada. Nimeunakili hapa kama ulivyo.)

Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya chai na haionyeshi nia ya kukoma. Ziwa halionekani, na nguo nilizofua jana zimeanza kunuka uvundo. Nina hasira tangu nilipoamka, na hasira zenyewe ni za cherehani.

Ninashona shuka la viraka, zaidi ya wiki sasa. Dada yangu Yustina anaumwa, na ni yeye aliyeniomba nikate nguo zake nzuri, zote, niziunganishe ziwe shuka moja. Alinionyesha sanduku kwa kidevu kwa sababu mkono ulikuwa umechoka. Sikuuliza swali hata moja. Jua likiwa kali mchana dada anatetemeka, na blanketi analalamika kwamba linamlemea mifupa. Nikajua anataka kitu chepesi cha kujifunika. Nikachukua mkasi.

Kwa hiyo ninakimbizana na siku. Nataka ajifunike hilo shuka angali anaweza kugusa kiraka na kusema hiki nilikivaa siku fulani. Acha niandike ukweli, hapa hakuna wa kumficha: dada yangu anakufa. Ni ugonjwa huu ambao mtaani wanautaja kwa kushusha sauti, uleule uliomchukua mume wake mwaka juzi.

Na uzi hautaki.

Cherehani ni yake, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu. Ameshonea nayo sare za watoto wa mtaa huu mpaka mguu wake wa kulia ukawa na misuli mingi kuliko wa kushoto. Hata mitumba ilipomwagika sokoni na mafundi wenzake wakafunga, yeye alibaki na sare zake. Mimi si fundi. Nilikuwa karani kwenye ghala la pamba mpaka tulipopunguzwa kazi, na kushona nilifundishwa na yeye tukiwa wasichana, kwa makofi ya mgongoni. Najua kushona mstari ulionyooka, basi.

Tangu jana asubuhi nikishona shibiri mbili, uzi unajikusanya chini ya kitambaa, fundo kubwa kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Gurudumu linagoma. Nikivuta kitambaa, uzi unakatika. Natunga upya, nashona shibiri mbili, fundo tena.

Nimebadilisha sindano. Nimeitoa nikaitia upya, maana ukiiweka kinyume nayo inaleta maneno. Bobini ya uzi wa chini nimeifumua yote nikaizungushia uzi polepole, ulale sawa. Nimefungua kibati cha chini na kuchokoa kwa unyoya wa kuku vumbi la nyuzi lililoganda kati ya meno ya cherehani. Lilitoka la bluu na jeupe, rangi za sare, kazi za dada za mwisho. Nilikaa nalo kiganjani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikatia mafuta. Nikakaza skrubu ya juu inayobana uzi, nikailegeza, nikaikaza hadi ikafika mwisho. Fundo.

Nikaamua mbaya ni uzi wenyewe. Zamani tulipanga foleni kupata uzi wa rangi moja tu. Siku hizi madukani kuna rangi zote na hakuna unaovumilia kuvutwa. Jana jioni nikaenda kwa Bwana Jiwan, yule mzee wa Kihindi ambaye dada alikuwa akishonea kwenye baraza ya duka lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza hali ya fundi wake. Nikasema anaendelea vizuri. Alinitazama tu. Akaingia ndani ya nyumba akarudi na uzi anaoshonea mke wake, mgumu, wa zamani, akanifungia kwenye karatasi.

Leo asubuhi nimeutunga uzi huo mzuri. Fundo lilelile. Nililia, sio kidogo.

Niseme na habari ya wifi. Ni dada wa marehemu shemeji, alikuja Jumanne kutoka Magu na kikapu cha michembe, viazi vitamu vya kukaushwa. Aliponikuta sebuleni nimeshika gauni la dada la zambarau, nusu limekatwa, alisimama mlangoni na mvua ikimnyeshea mgongoni.

"We Anje! Unamkatia mtu nguo angali anapumua?"

Nikasema mwenyewe ndiye aliyetaka. Akasema mgonjwa hataki, mgonjwa anasemeshwa na homa, na kwamba nguo zina utaratibu wake. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ndogo hata kidogo, kama kitenge kile chenye picha za mashua bado kizima. Mlango wa chumba cha dada ni pazia tu.

Utaratibu naujua. Siku ya kumaliza matanga nguo za marehemu zinatandazwa mkekani, ndugu wanagawana, kila mtu anapata cha kumkumbukia. Sina ugomvi nao. Lakini aliyechukua koti la shemeji alikuwa baba mdogo mmoja anayekaa Kisesa, na miezi michache baadaye Neema, binti pekee wa dada, aliliona sokoni kutoka nyuma. Alikuwa na miaka minne. Akalikimbilia akiita baba. Nani angemweleza?

Wifi alikunywa chai akaondoka. Nilimchukia siku nzima, na leo najiuliza kama nina haki hiyo, maana yeye alisema kwa mdomo nilichokuwa nakifanya mimi kwa vitendo.

Nitaeleza.

Leo mchana Neema akiwa bado shuleni, uzi ulikatika mara ya sita. Nilikuwa naunganisha kiraka cha satini na kiraka cha kitenge, na satini inateleza vibaya. Nikaipiga cherehani kwa kiganja na kuitukana tusi ambalo mama angenichapa kwalo. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba lakini ya kifundi kabisa.

"Anje. Uzi ukikatika, unainua kile kichuma kinachokanyaga kitambaa ndipo utunge, au unatunga kikiwa chini?"

Nikasema kikiwa chini, nikikiinua viraka vinahama.

"Ndiyo hivyo. Kikiwa chini, vile visahani vya juu vinavyobana uzi vinakuwa vimefumba, uzi unapita pembeni, haukazwi na kitu. Utakaza skrubu hadi Krismasi. Uchafu unauona chini, kosa liko juu. Bana viraka kwa pini, halafu inua."

Nikabana kwa pini. Nikainua. Nikatunga. Nikakanyaga, na cherehani ikaenda mpaka mwisho wa safu bila kuguna, mishono imelala sawa juu na chini. Siku mbili, na dawa yake ilikuwa maneno machache.

Nikamwuliza amejuaje.

"Nasikia mlio. Tangu jana nasikia."

"Sasa dada, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize."

Hakusema kwa kunilaumu. Laiti angenilaumu. Nilikaa pale kwenye kigoda nikihesabu ni lini mara ya mwisho nilimwuliza kitu. Namlisha, namgeuza, namwosha, nampangusa mdomo. Nimeamua uji uwe wa nini, dirisha lifunguliwe au lifungwe, nani aingie kumwona na nani arudishwe. Kila kitu kwa upole. Fundi bora wa mtaa huu amelala hatua nne kutoka kwenye cherehani yake, nami nimekwenda mpaka dukani kumwuliza Bwana Jiwan.

Wifi alimgawa Jumanne. Mimi nimemzika mapema zaidi.

Nikaingia chumbani na shuka mkononi. Nikalitandaza juu ya miguu yake, na kwa mara ya kwanza nikauliza swali ambalo fundi yeyote huuliza kabla ya kushika mkasi.

"Dada, nilipime kwa kitanda kipi?"

Aliligusa. Gauni la zambarau, kitenge cha mashua, blauzi ya kipaimara. Akaelekeza kidevu ukutani, kwenye kitanda kidogo cha kamba.

"Cha Neema. Umelifanya pana mno, litaburuza chini. Mimi mtanifunika shuka jeupe, hilo lipo." Akapumzika. "Kitu kimoja hawawezi kukigawana mkekani, Anje. Na hatakutana na gauni langu sokoni."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga. Nilikuwa nakimbia ili apate joto, kumbe yeye alikuwa anapanga mambo yake, na hakuna aliyemsikiliza hadi mwisho wa sentensi.

Nimefumua safu mbili za pembeni. Sasa upana ni sawa na kitanda cha kamba, nimepima. Zimebaki safu tatu za urefu, na kwa jinsi cherehani inavyokwenda naweza kuzimaliza kesho kabla ya saa sita.

Sitaki kuzimaliza.

Najua akiliona limekamilika hatakuwa na kazi nyingine ya kusubiri. Lakini nikichelewa makusudi nitakuwa nimemwamulia tena. Asubuhi, kabla sijatunga uzi, nitamwuliza: safu zote tatu, dada, au moja? Na atakalosema ndilo nitakalofanya, hata likinivunja.