Oili Uliyoibadilisha Siku Moja Kabla

Baba yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa yule uliyemwita Bi Chupa. Asubuhi hii nilikuwa Makupa, kwenye kiwanda chako cha barafu, kuchota sampuli ya oili ya ile kompresa uliyoitunza mpaka ukastaafu. Yanguruma vilevile. Hamu ya kukuona ilinishika, nikasimama na chupa yangu mkononi kama mjinga.

Unakumbuka nilivyokuja kazini kwako mara ya kwanza? Wewe fundi mkuu, mimi bintiyo, mgeni wa kampuni ya kupima oili, kofia imenizidi kichwa. Ulichovya kidole kwenye oili, ukaisugua kwa dole gumba, ukainusa. "Maabara yangu ndiyo hii," ukasema, wenzako wakaangua kicheko. Nikakueleza kwamba chuma kikilika ndani ya mashine, vumbi lake huingia kwenye oili, dogo hata kidole hakilihisi, ila maabara huliona. Ukasema, "Haya, Bi Chupa. Chota basi."

Majibu yakarudi mazuri ajabu, nami nikajigamba nyumba nzima. Wiki chache baadaye beringi ikafa, mashine ikasimama katikati ya Ramadhani, na mji wote wataka barafu. Siku ile baada ya kufuturu ukaniita kando.

"Mwanangu, oili ile niliibadilisha siku moja kabla hujaja. Ningekuachaje ukute uchafu kwangu, mbele ya wenzangu?"

Lo! Nilipandisha hasira, wallahi. "Baba, hiyo ni sawa na kumpelekea daktari damu ya jirani!" Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Lakini kesho yake ulikwenda mwenyewe kwa meneja, ukamwambia kosa ni lako, si la binti. Hilo sikukushukuru vya kutosha.

Nililokuwa silijui ni kwamba na mwili wako uliufanyia vivyo hivyo. Siku tatu kabla ya kliniki ya sukari, haluwa hugusi, mahamri huyataki, dawa wameza kwa saa. Ukirudi wanitupia kadi: "Haya, soma!" Nasoma namba nzuri, nakupongeza, na jioni hiyohiyo sahani ya haluwa iko mbele yako. Mimi, Baba, ambaye kazi yangu ni sampuli! Sikuuliza hata mara moja. Mama alinieleza baada ya mazishi yako. "Alikuwa akimwonea haya daktari," akasema, akaendelea kukunja kanzu zako.

Nilikukasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Siku hizi nimetulia. Najua ilikuwa heshima yako tu, hukutaka mtu aingie kwako akute pabaya.

Leo fundi aliyeshika nafasi yako, mtu mzima mwenye mvi, nimemkuta na dumu la oili mpya, ataka kuongeza kabla sijachota. Nikamshika mkono. "Iache ilivyo, kaka. Nataka hiyohiyo chafu." Akaona haya kama wewe.

Baba, sukari imenipata nami. Kesho ndiyo kliniki yangu. Wiki hii nimekula haluwa mara mbili, na leo, siku moja kabla, mkono wangu ulikwepa sahani wenyewe. Nikacheka, halafu nikalia. Kesho, kabla daktari hajanichoma sindano, nitamwambia yote.

Mungu akulaze pema, Baba.

Binti yako,
Bi Chupa