Picha ya Moyo wa Mama Yako

Marahaba, mjukuu wangu Somoe. Huku Mitwero tu wazima, alhamdulillahi, na babu yako sasa anatembea bila mkongojo.

Umeniuliza kama umpeleke mwanao Idi akapigwe picha ya moyo, ilhali homa imekwisha na anacheza. Mpeleke.

Mama yako alipokuwa mdogo alipata mafua, akapona. Baadaye ikamshika homa kali kama hii ya Idi, macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka. Homa ilipotulia, daktari wetu wa Lindi akataka tumpeleke Dar. Enzi hizo za ruksa, hospitali za binafsi ndiyo kwanza zinafunguliwa, na moja ilikuwa na mashine ya kupiga picha ya moyo.

Nikamwambia, "Daktari, mtoto huyu anaruka kamba!"

Akajibu, "Mama, homa hii huweza kuvimbisha mishipa ya moyo, na moyo wake hatujauona."

Dar wakampaka mafuta ya baridi kifuani, wakapitisha kifaa, moyo ukaonekana kwenye kioo. Mshipa wake mmoja ulikuwa umevimba. Nilishukuru umeonekana mapema. Akanywa dawa, tukarudi kupima mpaka uvimbe ukaisha.

Kipimo hakiumi. Mama yako alipouona moyo wake unadunda alicheka, akaupungia mkono.

Bibi yako,
Fatuma