Samadi Ndani ya Tangi la Samaki

4 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti lina kiburi kuliko mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwanamume mzima unalipwa kuotesha nyasi ndani ya tangi la samaki, ili wagonjwa wa meno wazitazame wakisubiri kung'olewa. Na bado zinakushinda. Unasema zilitakiwa zitambae mbele ya kioo kama mkeka, nazo zimeduwaa palepale, na daktari ameanza kununa.

Kinachotambaa kinataka samadi. Viazi vyangu vimetambaa mpaka kwa jirani, na ugomvi tumeupata. Fukia samadi ya mbuzi chini ya mchanga. Usimuulize daktari, yeye ni wa meno.

Bibi yako

20 Machi

Shikamoo Bibi,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Nilifanya ulivyosema. Nyasi zimetambaa vizuri. Ahsante.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Si nilikwambia? Bombani wote wanajua. Muuza mkaa alicheka, nikamwambia cheka, samadi yangu iko kwa daktari, yako iko wapi? Nitumie picha nimfunge mdomo. Mbona barua fupi, wino umeadimika?

Bibi yako

11 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo? Nauliza tu, uso wa kukusalimu sina.

Shangazi yako alipita kwa daktari kukujulia hali, hakukukuta. Karani kamweleza yote. Maji yaligeuka rangi ya chai, yakanuka, samaki wakaelea tumbo juu, nawe ukafukuzwa. Sasa unafagia sokoni. Ulipoulizwa nani kakufundisha, ukasema ni akili yako mwenyewe.

Ungenitaja, mpumbavu wewe. Bibi hafukuzwi kazi.

Na mimi huku nadai picha.

Jana nilikwenda bombani nikawaambia wote. Muuza mkaa hakucheka. Alinitwika ndoo yangu. Afadhali angecheka.

Bibi yako

2 Julai

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mimi mzima, ufagio hauna neno. Siku ile niliyofukuzwa niliokota mashina mawili ya zile nyasi kwenye ndoo ya taka, nikayatia kwenye chupa dirishani kwangu. Moja limeoza. La pili limetoa mzizi pembeni, na jani jipya mbele yake. Linatambaa, Bibi. Kweli safari hii.

Mjukuu wako

15 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Hilo shina lako, linakula nini? Mimi nauliza tu.

Bibi yako