Nyongeza Iliyokula Mshahara

Nyumba za Wauguzi,
Mlango wa mwisho, karibu na tangi la maji.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu, Mzee Kijana,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Hujambo? Na kifua je? Juzi kwenye simu ulikohoa mpaka nikasahau nilichotaka kusema, halafu ukanidanganya eti ni vumbi. Vumbi gani ndani ya ghala la barafu? Mimi ni muuguzi, usinifanye mtoto. Vaa sweta mbili, na huyo msimamizi wako akinuna, mwache anune.

Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anasahau kwamba ni mgonjwa na kuanza kufua upya nguo nilizokwisha kufua mimi. Udobi wa hospitali haujamtoka; anaamini hakuna mtu mwingine duniani anayejua kusuuza shuka. Dawa zake za presha anameza vizuri. Habari njema zimeishia hapo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, na salio lingeisha kabla ya hasira.

Unakumbuka mwezi wa kwanza nilivyokupigia nikicheka peke yangu. Mkurugenzi wetu alikuwa amepita wodini na kipaza sauti, kana kwamba sisi ni viziwi, akatangaza kwamba watumishi wote wa afya tumeongezwa mshahara. Akasema tumekumbukwa. Sisi wa wodi ya upasuaji wa wanaume tukachanga papo hapo tukanunua keki. Mwenzangu wa zamu, yule tunayemwita Mama Kimya kwa kuwa hajawahi kunyamaza, alipiga vigelegele mpaka daktari akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Katika wodi ya wanaume!

Jioni ileile nikakupigia. Nikakwambia toa notisi, rudi nyumbani, dawa na kliniki za mama sasa ni juu yangu. Ndivyo tulivyoahidiana siku ulipoondoka, kwamba mshahara wangu ukiweza kumbeba mama, wewe unarudi. Nilijipiga kifua, mdogo wangu. Mama alichukua simu akakuuliza utalala upande gani wa chumba.

Basi mwisho wa mwezi wa pili hati za mshahara zikatoka. Nikaangalia juu, nikaona mshahara umepanda kweli. Nikashuka chini kwenye kile kinachobaki mkononi, nikakuta kimepungua. Narudia, maana najua unadhani nimekosea kuandika: kimepungua. Hela yangu ya mboga ya wiki nzima imeyeyuka, na wananiambia hongera.

Nikafunga safari hadi ofisi ya malipo nikiwa bado na gauni la kazi. Anayekaa pale dirishani tunamwita Bwana Senti, mtu mpole, ana feni moja inayogeuka kumwangalia yeye tu. Nikamwambia tufanye kama tunavyofanya wodini. Unajua kwetu dawa kali haichomwi na mtu mmoja. Mmoja anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, dawa na kipimo, wa pili anarudia neno kwa neno. Wa pili akinyamaza, kwa sababu yoyote ile, sindano inarudi kwenye trei. Nikamwambia mimi nasoma, wewe rudia.

Tulisoma mstari kwa mstari, watu wa foleni wakisikiliza. Mshahara, akarudia. Kodi, akarudia. Tulipofika kwenye mchango wa pensheni, Bwana Senti alirudia kwa sauti ndogo, kisha akavuta droo yake akanionyesha hati yake mwenyewe. Na yeye kimepungua. "Dada yangu," akaniambia, "mimi ndiye niliyezichapa zote hizi. Nilidhani mashine imeharibika, nikazichapa mara ya pili."

Akanieleza. Mchango wa pensheni unakwenda kwa madaraja. Ukiwa daraja la chini unakatwa asilimia ndogo, ukipanda daraja unakatwa kubwa. Sawa, hilo naelewa. Lakini ile asilimia kubwa haikati kile kidogo walichokuongeza. Inakata mshahara wote, tangu senti ya kwanza. Nyongeza yetu ilikuwa ndogo kiasi cha kutuvusha kizingiti tu, ikatuacha hapo tumenyang'anywa zaidi ya tulichopewa. Hivi hakuna hata mmoja pale juu aliyekaa na kalamu akapiga hesabu? Au alipiga, akaona ni sawa tu, manesi watashangilia keki?

Kinachoniunguza zaidi ni bango. Wamebandika bango getini, kubwa kama shuka la kitanda, linatupongeza kwa nyongeza. Kila mtu analisoma. Mwenye nyumba wa Mama Kimya alilisoma, akampandishia kodi. Muuza duka amekataa kunikopesha sabuni, eti sisi sasa ni matajiri. Tumepigwa changa la macho, na juu yake tunadaiwa furaha.

Nilimuuliza Bwana Senti kama kuna dawa. Akasema ipo moja: ujitoe kwenye mfuko wa pensheni. Unajaza karatasi, mwezi unaofuata makato yanakoma, na hela mkononi zinaongezeka kwelikweli. Mama Kimya amekwishatia sahihi. Ana watoto watatu shuleni na kodi mpya, nani atamlaumu? Lakini siku hiyo zamu nzima hakupiga kelele hata mara moja, nikaogopa.

Na mimi niliichukua ile karatasi. Nikaja nayo nyumbani, nikaiweka mezani, nikatafuta kalamu. Nilikuwa nakuwaza wewe na hicho kikohozi. Mama akauliza ni nini, nikamweleza. Hakunikemea. Alisema tu, "Hiyo pensheni yangu ni ndogo, haifiki hata nusu ya mwezi. Lakini ndiyo hela pekee ninayoipokea bila kumwambia mtu ahsante." Kisha akaenda kuanua nguo. Unamjua mama, jambo kubwa analisema akiwa amekwishakupa mgongo.

Sikutia sahihi. Nimeshindwa, ndugu yangu. Nikifika umri wake nani atanilisha, wewe mwenye mapafu ya barafu? Ila hasira ninayo. Mtu ninayekesha na wagonjwa wa watu nalazimishwa kuchagua kati ya uzee wangu na mdogo wangu, halafu niseme ahsante kwenye kipaza sauti!

Kesho tunakwenda ofisini kwa mkurugenzi, wauguzi wawili wawili. Mmoja atasoma hati yake, wa pili atarudia, mpaka tuishe wote au achoke yeye. Sijui kama itasaidia. Lakini atatusikia bila kipaza sauti.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Nimelikwepa kurasa mbili. Usije mwaka huu. Kama notisi bado inarudishika, irudishe. Kliniki za mama siziwezi peke yangu, na sitaki uje ukute nimeaibika. Nisamehe kwa kukupa matumaini ya bure.

Nilidhani barua imeishia hapo, mdogo wangu, kumbe bado. Nimemsomea mama. Unakumbuka nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi alivyokuwa akinizoeza jioni, mimi nasoma dawa, yeye anarudia kama muuguzi wa pili, huku anakunja nguo? Mchezo ule hajauacha. Nikisoma barua yoyote lazima arudie. Basi leo amerudia kila kitu: kikohozi, keki, Bwana Senti, bango. Kwenye bango aliongeza na tusi lake mwenyewe, ambalo siliandiki.

Nikafika kwenye "usije mwaka huu". Hakurudia.

Nikadhani hakusikia, nikasoma tena kwa sauti kubwa. Akaendelea kukunja foronya. Nikamsomea mara ya tatu, nikamweleza habari ya kliniki, nikamweleza habari ya hela, nikalia kidogo, nakiri. Alichukua ile foronya akanifutia uso, akaikunja upya, na mdomo wake hakuufungua.

Kwa hiyo ule mstari wa kule juu nimeukata kwa wino, kama unavyoona. Hela sijui zitatoka wapi. Tutabanana, na wewe utatafuta kazi isiyo na barafu, na mimi nitaendelea kugombana na wenye vipaza sauti. Hasira yangu iko palepale, usidhani imepoa. Lakini sheria ya kazi yetu unaijua: wa pili amenyamaza, sindano imerudi kwenye trei.

Msalimie sana yule mpishi unayekaa naye chumba kimoja, mwambie tunamshukuru kwa supu anazokupa ukiugua. Mama Kimya anakusalimu, kwa sauti yake ya zamani, imeanza kurudi. Bwana Senti naye, ingawa hakujui, aliniuliza kama una heri huko. Mama anakuombea Mungu akufunike njiani mpaka ushike komeo la mlango wetu. Anasema utalala upande wa dirisha, amekwishatandika.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye, mwenye hasira na dunia nzima isipokuwa wewe.