Radhi Niliyoomba kwa Ajili ya Kompyuta

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi nipo. Ukiniuliza hali ya mwili nitakujibu njema, na ukiniuliza ya moyo nitakuomba usome hadi mwisho kabla ya kushika simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na kwa sababu nikisikia sauti yako nitalainika. Leo sitaki kulainika.

Habari yenyewe ni ya ile kompyuta. Unakumbuka jinsi mume wangu na shemeji, yaani mumeo, walivyoiunda juu ya meza yetu ya chakula, kila kipande kutoka duka la shemeji la vifaa vya kompyuta, huku wakitukataza kupita karibu tusije tukapeperusha vumbi. Mume wangu anauza matairi, lakini tangu siku ile rafiki zake wakamwita Injinia, na jina likampanda kichwani. Kila mgeni alifunguliwa ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia kabla kompyuta haijawaka sawasawa, akaoneshwa namba ya kasi ya RAM, vile vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta. Wageni hawakujua namba hiyo ni ya nini, ila waliguna kwa heshima, na yeye alitosheka. Aliyekaa mbele ya kompyuta kutwa nilikuwa mimi na kazi yangu ya kupanga kurasa za vitabu vya shule.

Haikukaa sana ikaanza kuzima. Mara skrini inageuka bluu katikati ya sentensi, mara inakwama na kipanya hakisogei, mara inajizima na kujiwasha yenyewe. Ubaya zaidi, faili niliyoihifadhi vizuri leo kesho inakataa kufunguka, au inafunguka na jedwali la kuzidisha limejaa alama zisizosomeka.

Injinia akasema ni mimi. Kwanza akasema nachomeka birika la umeme kwenye waya mmoja na kompyuta. Nikalihamisha birika. Akasema nafungua vitu vingi kwa mpigo. Nikawa nafungua kimoja. Akasema vidole vyangu vizito, napiga kibodi kama mtu anayetwanga. Nikaanza kubonyeza kwa ncha za vidole kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ikazima vilevile.

Kisha kitabu cha hesabu cha darasa la tano kikaharibika chote. Siku hiyo tuligombana mpaka akaniita mharibifu, nami nikamwita muuza matairi. Hilo la pili ndilo lililoitisha kikao. Ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia, lakini nitakusimulia, maana ninavyokikumbuka mimi huenda sivyo unavyokikumbuka wewe. Baba mkubwa alisema nimemtusi mume na nimeharibu kitu alichokiunda kwa jasho lake. Nikasimama pale sebuleni kwake, mbele ya ndugu zetu na ndugu za mume wangu, nikasema kwamba kompyuta nimeiharibu mimi kwa kutojua kuitumia, naomba radhi. Injinia akatikisa kichwa kama mfalme aliyesamehe kijiji. Wewe ukanivutia jikoni, ukanifuta machozi kwa upindo wa nguo yako, ukaniambia mvumilivu hula mbivu. Dada, nimezingoja hizo mbivu hadi zimeota ukungu.

Radhi ile ilinikwama kooni. Aombaye radhi anapaswa kulijua kosa lake, na mimi langu sikulijua. Basi mchana, Injinia akiwa kazini, nikaanza kulitafuta. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikapangusa vumbi, nikahakikisha feni zinazunguka. Nikabadilisha waya wa umeme. Ikazima. Nikasoma kwenye simu, nikaweka kwenye flashi programu ya kupima RAM, nikaiacha ipime. Makosa yakamiminika kwenye skrini, mistari kwa mistari.

Nikasema nimempata mchawi. Vile vijiti vya RAM ni viwili, kwa hiyo nikachomoa kimoja nikapima kilichobaki. Kizima kabisa. Nikachomeka cha pili peke yake. Nacho kizima. Nikavibadilishia matundu, nikidhani labda tundu ndilo bovu. Hakuna kosa. Nikavirudisha vyote viwili pamoja, makosa yakarudi. Nilikaa nikavitazama nikacheka peke yangu, maana ndoa ya namna hiyo naijua. Kila mmoja peke yake hana neno, lakini ukiwakimbiza pamoja kwa kasi wasiyoiweza, wanavuruga kila wanachoshika. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashusha ile namba kidogo, nikapima tena kutwa nzima. Safi.

Jioni nikamweleza kwa upole, nikimwachia mlango wa kutokea bila aibu. Nikasema huenda RAM zimechoka, ndiyo maana nimeshusha kasi. Akaguna. Tangu hapo kompyuta haikuzima tena. Mhariri wangu, mama mkali lakini mwenye utu, akanirudishia kitabu kilekile cha hesabu nikipange upya, akaniambia hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Nilikipanga, dada. Nilikipanga kwa furaha, mpaka zikabaki kurasa za majibu tu.

Rafiki zake wakaja kumtembelea. Akawafungulia ule ukurasa wake, namba ikaonekana ndogo, mmoja akauliza kama Injinia ameshushwa cheo amekuwa fundi baiskeli. Wakacheka. Kesho yake nikiwa katikati ya kazi skrini ikageuka bluu. Faili ikafa, na nakala niliyoiweka asubuhi ile kwenye flashi ikawa imekufa nayo, maana ilipitia kompyuta ileile. Nikafungua mipangilio. Namba ilikuwa imerudishwa juu.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema kitabu kitapangwa kingine, lakini mwanamume akichekwa na wenzake amekwisha. Kisha akasema nisijifanye nimegundua kitu, kwani siku ileile walipoiunda shemeji alimwonya kwamba vijiti vile pamoja havitaiweza kasi ile. Alijua, dada. Alijua kabla sijaigusa, na bado alikaa sebuleni akapokea radhi yangu.

Nikampigia shemeji. Sikumpigia kwa ugomvi, nilitaka anieleze tu kwa nini siku ya kikao alikaa kimya. Akakohoa, akauliza habari za kazi, akauliza habari za afya, mwishowe akasema yeye alitaka kusema. Akasema mlipokuwa njiani kwenda kwa baba mkubwa alikueleza yote, na wewe ndiye uliyemwambia anyamaze. Ulisema tufunike kombe mwanaharamu apite, kwamba Injinia akiaibishwa mbele ya wakwe ndoa itavunjika, na kwamba mimi ni mdogo wako, nitaomba radhi na yatakwisha.

Mume kuniuza kwa ajili ya namba, hilo liliniuma lakini halikunishangaza. Wewe ulinishangaza. Nimejaribu kukutetea moyoni mwangu nikashindwa. Ulisimama na mimi jikoni ukijua sina kosa, ukanifuta machozi uliyoyasababisha wewe, na mimi nikakushukuru. Hilo la kukushukuru ndilo linaloniamsha nikiwa nimelala.

Kitabu amepewa mtu mwingine. Mhariri amenionea huruma, amenipa meza ofisini kwao nisahihishe koma za kurasa wanazopanga wenzangu, kwenye kompyuta kuukuu inayojikokota na haizimi. Nimepanga chumba karibu na hapo. Injinia amebaki na kasi yake.

Sikuandikii ili uniombe radhi kwa siri, kwa sababu mimi sikuomba kwa siri. Nimemwomba baba mkubwa awaite Jumapili ijayo watu walewale. Hajui sababu, na Injinia naye ataitwa. Nataka usimame uwaambie ulichokijua siku ile. Usipokuja nitawaambia mimi, na baada ya hapo nitakuwa sina dada.

Wabusu watoto, uwaambie mama mdogo anawakumbuka. Shemeji naye msalimie, na usimgombeze kwa kunieleza.

Ni mimi,
mdogo wako.